Barua ya Mjomba kwa Watu wa Bima

Leipzig, 12 Mei 2025

Mjomba Mansuri,

Shikamoo. Sikupiga simu kwa sababu simu yako ya tochi huko Kinole inakata kila ninapofika kwenye neno la maana. Nimemtumia Winfrida wa stesheneri pale mjini barua hii aichapishe, ampe bodaboda akuletee mkononi. Wewe andika kwa kalamu kama tulivyofanya wakati wa viza. Yeye atapiga picha na kunitumia.

Niliugua, Mjomba. Ilianza mwezi wa tatu. Nyumba ninayoishi ina ngazi thelathini na sita, nikawa nazipanda kwa vituo vitatu kama bibi kizee. Nikasema ni baridi. Wiki iliyopita nilianguka jikoni mbele ya watoto ninaowalea. Baba yao, Oscar, akaita gari la wagonjwa. Daktari anasema mlango mmoja ndani ya moyo wangu umebana, damu inapita kwa kujipenyeza. Dawa zinanisogeza tu. Ninatakiwa kupasuliwa kabla ya baridi kurudi.

Huku mgonjwa hapasuliwi mpaka bima iandike barua ya kukubali. Mimi si mwajiriwa kamili, nalea watoto huku najifunza lugha, kwa hiyo sina bima ya serikali yao. Nina bima ya wageni ambayo Oscar alinikatia nilipofika. Bima hiyo inalipia ugonjwa nilioupatia huku, na hata niliokuja nao bila kujua. Niliokuwa naujua tangu nyumbani, hawalipii. Ndiyo sheria yenyewe, yote iko kwenye neno kujua.

Wameleta fomu ya magonjwa yangu ya utotoni, ijazwe na mzazi au mlezi. Mama hajui kusoma, na kwetu Uluguru hata angejua, mwenye kauli juu ya watoto wa dada ni mjomba. Nimeandika jina lako.

Maswali ni matano. Nakuomba kwa heshima zote, jibu ndiyo au hapana, weka sahihi, basi. Mimi sikumbuki kuugua zaidi ya malaria. Na mama usimtajie upasuaji. Mwambie napimwa.

Mpwa wako,
Shadya


Kinole, 19 Mei 2025

Mpwa wangu Shadya,

Marahaba, na marahaba nyingine uiweke akiba kwa siku ambayo sitakuwa karibu na kalamu. Barua yako ilinikuta shambani nimeinama kwenye mkungu wa ndizi ambao watu wanne walishindwa kuushusha. Niliushusha kwa mkono mmoja, wa pili nikapokea barua.

Kwanza usiogope. Moyo wa ukoo wetu haufi kizembe. Babu yangu mzaa bibi alipigwa na radi mara mbili msimu mmoja, mara ya tatu radi yenyewe ikabadili njia ikaenda Mgeta.

Fomu yao nimeiona. Nilicheka mpaka wateja wa Winfrida wakanigeukia. Mtu anataka habari za binti wa ukoo mzima kwa vijisanduku vya kutia vema, kana kwamba anakagua mbuzi wa mnada. Nikasema hawa Wajerumani hawajui wanamwandikia nani. Hii njia ya kupanda Uluguru unadhani waliijua wenyewe enzi zile? Mzee wetu ndiye aliyewatangulia, na walipokata pumzi huko juu ndiye aliyewapa jani la kunusa wakaendelea. Hilo wanalo kwenye vitabu vyao, wanaficha tu.

Kwa hiyo vijisanduku nimeviacha hivyo hivyo. Nimewaandikia kurasa nne, kwa mwandiko ule wangu ambao profesa mmoja wa Mzumbe aliuona akaniuliza nilisomea nchi gani. Winfrida alinong'ona, "Mzee Mansuri, Shadya amesema ndiyo au hapana." Nikamwambia, "Mwanangu, wewe piga picha." Nakunukulia kidogo ujue mjomba wako hakulala:

"Mtoto huyu Shadya akiwa na miaka tisa magoti yalimvimba kama mapapai, na moyo ukadunda mpaka shuka linatikisika. Nilimbeba mgongoni kutoka Kinole hadi hospitali mjini, mwendo wa saa mbili kasoro. Basi la alfajiri tulilipita Mkuyuni, abiria wakatupungia. Chui alikuwa amekaa njiani, akanitazama, akaona mtu ana shughuli, akapisha. Madaktari watatu walimpima. Wakasema hii ni homa ya viungo, imekwisha kuugusa moyo, achomwe sindano ya penisilini kila baada ya siku ishirini na nane hadi awe mtu mzima, asipochomwa mlango wa moyo utaharibika. Nikawaambia waheshimiwa ahsanteni, lakini milimani kwetu mizizi ipo. Nilimchemshia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alikuwa juu ya mfenesi anawarushia wenzake. Kwa hiyo msihangaike kutafuta chanzo. Moyo huo niliutengeneza mimi, na fundi bado yu hai. Mkishindwa nitumieni tiketi."

Hapo lazima wameitana ofisi nzima kusoma. Watakulipia kwa heshima tu.

Mama yako nimemwambia unapimwa. Ameuliza unapimwa nini, nikasema urefu.

Mimi mjomba wako,
Mansuri Mikidadi
Mkulima, mtabibu, na mzungumzaji mkuu wa Kinole yote


Leipzig, 6 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Wamekataa.

Oscar aliisoma barua yao mezani polepole ili niielewe. Wameibandika tafsiri ya kurasa zako nne, na ukurasa wa pili wameupigia mstari kuanzia "madaktari watatu" mpaka "utaharibika". Wanasema ugonjwa wangu ulijulikana tangu nikiwa na miaka tisa, mlezi wangu ameandika mwenyewe kwa mkono wake na ametia sahihi. Hawalipii upasuaji. Hata zile siku tatu za dharura nilizolazwa, wanafikiria kuzidai.

Nilikuomba ndiyo au hapana.

Nimewaeleza kwamba wewe ndivyo ulivyo. Nimemwambia Oscar habari za chui, na ile ya lori la saruji ulilolizuia kwa bega pale mteremko wa Mkuyuni, na ile ya waziri aliyelala kwako akakataa kuondoka. Alicheka kidogo, halafu akaacha. Akaniuliza, "Sasa kwa nini mtu anamwandikia bima hadithi?"

Kuna siku thelathini za kukata rufaa. Nenda mjini kwa wakili, uapishwe hati ya kiapo kwamba yale yote uliyatunga, hakukuwa na hospitali, hakukuwa na madaktari, sikuwahi kuugua moyo. Kinole nzima inaweza kushuhudia kwamba wewe ni mtu wa kutunga. Najua ni aibu. Nisamehe kwa kukutuma aibu, lakini imebaki hiyo.

Napanda ngazi kwa vituo vitano sasa. Usiku nalala nimekaa. Oscar na mkewe wamemleta msichana mwingine wa kulea watoto, anatoka Georgia, mpole. Amepewa chumba changu cha juu. Mimi nimehamishiwa chini, karibu na mashine ya kufulia, ili nisipande. Wamefanya kwa wema, najua.

Mkataba wangu na kibali changu vinaisha tarehe 31 Agosti. Mgonjwa haongezewi.

Shadya


Kinole, 13 Juni 2025

Mpwa wangu Shadya,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kwanza nilikasirika, nikasema hawa watu wa bima hawana utu, mtu mzima anawapa simulizi ya bure wao wanaipigia mstari. Mara ya pili sikukasirika sana.

Basi nimekwenda. Jumatano nilivaa koti la harusi ya mama yako, nikashuka mjini kwa wakili Thobias, yule kijana mwenye miwani mikubwa kuliko kesi zake. Watu walikuwa wamejaa kwenye benchi, nikawaambia nimeitwa kutoa ushahidi Ujerumani, wakanipisha.

Thobias akasoma ulichotaka. Akaniuliza, "Mzee, unaelewa unakwenda kuapa kwamba wewe ni muongo?"

Nikamwambia, "Andika, na usiandike muongo wa kawaida. Andika kwamba tangu Kibungo mpaka Kiroka hakuna mwenzangu."

Akasema mahakama haina kipimo hicho. Nikamwambia mahakama inakosa mengi.

Akaanza kunisomea sentensi moja moja niseme kama ni kweli. Sikumbeba mtoto mgongoni, kweli. Hapakuwa na chui, kweli. Hapo mkono ulikuwa mwepesi. Tukafika kwenye hospitali na madaktari watatu. Thobias akasubiri. Akasubiri tena. Akauliza, "Mzee, nirudie?" Nikasema joto la ofisi yako, fungua dirisha, ila andika, hapakuwa na hospitali. Nikaapa juu ya msahafu, nikatia sahihi, mhuri ukapigwa. Winfrida ameshatuma.

Kwa hiyo sasa Wajerumani wana karatasi yenye mhuri inayosema mjomba wako ni bingwa. Mzungumzaji gani mwingine amepewa cheti?

Mama yako alitaka kunifuata mjini, nikamkataza, nikasema ni mambo ya wanaume na karatasi. Anasema sauti yako kwenye simu ina kitu. Nimemwambia ni Kijerumani, kinakaza koo.

Jambo moja dogo, halina uzito. Hao madaktari wako wakitaka kukuchoma sindano yoyote, wakubalie. Usibishane nao. Watu waliosoma ni wa kusikilizwa.

Mjomba wako,
Mansuri Mikidadi
Muongo kwa mujibu wa sheria


Leipzig, 4 Julai 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Hati yako ilifika kwa wakati. Wamejibu, na safari hii amejibu daktari wa bima mwenyewe, si karani.

Anasema mambo mawili. La kwanza, picha za moyo wangu zinaonyesha kovu la zamani, la homa ya viungo ya utotoni. Si la mwaka huu wala mwaka jana. La pili nakutafsiria kama lilivyo: "Mtu anaweza kubuni chui. Hawezi kubuni kwamba penisilini huchomwa kila baada ya siku ishirini na nane, kwa ugonjwa huo huo ambao tumeukuta, kabla hajaambiwa na yeyote. Maelezo ya kwanza ya mlezi tunayaona ya kweli, na hati ya pili tunaiona imeandikwa ili kupata malipo."

Nilikuwa nimekaa kitandani karibu na mashine ya kufulia. Inazunguka, nguo za watoto zinapita kwenye kioo. Nikarudia, siku ishirini na nane.

Mimi nilikuandikia mlango wa moyo umebana. Sikuandika homa ya viungo, maana daktari alikuwa hajaniambia. Sikuandika penisilini. Wewe ulizitoa wapi?

Nakumbuka nikiwa mdogo nililala kwa bibi muda mrefu, nakunywa maji machungu. Mama alisema malaria. Nakumbuka pia mahali penye vigae vyeupe na benchi refu, na wewe umenishika mkono. Siku zote nilidhani ile ilikuwa ndoto.

Daktari wangu, si wa bima, ameniuliza kwa upole mara mbili kama nilitibiwa utotoni, maana inabadilisha dawa anazonipa. Nilimwambia hapana. Nimemwambia hapana kwa sababu ya hati yako.

Rufaa ya mwisho ni mpaka mwisho wa mwezi. Oscar amesoma mkataba upya. Anasema kama kweli niliugua lakini mimi na mama hatukuambiwa kamwe, basi hatukujua, na wanaweza kulazimika kulipa. Lakini mimi sikuulizi kwa ajili ya bima. Nakuuliza mimi.

Ulijua?

Shadya


Kinole, 15 Julai 2025

Shadya,

Nilijua.

Nimechana karatasi nyingi kabla ya hii. Kila nikianza naona mkono unataka kuweka kitu njiani, mto umefurika, au mtu mkubwa fulani ananijua. Sasa nitaandika bila kunyanyua kalamu.

Ulikuwa na miaka tisa. Magoti yalivimba kweli. Sikukubeba, tulipanda gari la ndizi la Hafidhi, ulilala juu ya magunia. Hospitalini daktari alikuwa mmoja, kijana, mwenye haraka. Alisema yote yale niliyoyaandika kwenye kurasa nne. Sindano ya kwanza walikuchoma siku ile ile, ukalia, nikakununulia muwa. Wakanipa kadi ya kliniki, turudi kila baada ya siku ishirini na nane, siku ya Jumanne.

Mama yako alikuwa amebaki na mdogo wako mchanga. Ilikuwa kazi yangu mimi, mjomba. Nilimwambia dada yangu Sabra, wewe lea, haya niachie.

Mara ya pili tulichelewa siku mbili, barabara ilikuwa imekatika. Muuguzi akanipa kadi, akasema nisome tarehe niliyotakiwa kuja, niisome kwa sauti. Unajua mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne nilikuwa nachunga zaidi ya kukaa. Wakati ule nilikuwa najua kuandika jina langu na kuhesabu mikungu. Nikaigeuza kadi. Nikasema miwani nimeiacha nyumbani. Muuguzi akasema, "Mzee, umeishika juu chini." Kwenye benchi alikuwepo binti wa sekondari ya Kilakala, sare imenyooka. Akaambiwa amsomee baba. Akasoma vizuri, kama mtangazaji. Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, Shadya, si kwa ubaya, ulicheka kwa sababu watu walicheka.

Sikusubiri sindano. Nilikushika mkono tukatoka. Kadi niliitupa mtoni pale darajani.

Nilimwambia Sabra madaktari wamesema umepona, ilikuwa malaria imepanda kwenye magoti. Akafurahi. Ile mizizi niliichemsha ili uongo uwe na moshi. Haikuwa dawa ya kitu chochote, ilikuwa ya tumbo. Magoti yalinywea yenyewe, na wewe ukapanda mfenesi, na watu wakaniuliza umempa nini mtoto. Nikaanza kusema. Nikasema miaka kumi na saba. Kufika mwisho nilikuwa naamini nilikuponya.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa mwalimu Eufrazia, elimu ya watu wazima, jioni, miaka miwili. Ndipo nilipopata mwandiko huu.

Nimerudi kwa Thobias. Alikataa. Alisema hawezi kumwapisha mtu mara ya pili kinyume cha mara ya kwanza bila kumwambia kwamba kuna kifungo ndani yake. Nikamwambia nimesikia, andika. Imo humo kwamba wewe hukujua na Sabra hakujua, nilijua peke yangu. Winfrida aliipiga picha bila kunitazama.

Daktari wako mwambie ndiyo. Ulitibiwa sindano moja, basi.

Mama yako bado sijamwambia. Nimefika mlangoni kwake mara mbili.

Mansuri


Leipzig, 9 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo.

Jibu la mwisho limekuja. Ni fupi, nusu ukurasa. Wanasema mlezi ametoa maelezo matatu, kila moja likipinga jingine, mawili yakiwa ya kiapo. Hawana njia ya kuchagua lipi la kuamini, na hawalazimiki. Faili limefungwa. Naweza kwenda mahakamani. Kesi ingechukua mwaka mmoja na nusu, na kibali changu kina wiki tatu.

Ya tatu ndiyo ya kweli. Nimeyaamini mimi niliyecheka pale kwenye benchi. Lakini mimi si bima.

Nilimsomea daktari barua yako, nikimtafsiria mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema lolote juu yako. Alisema laiti ningechomwa, labda nisingekuwa hapo kitandani mbele yake, labda ningekuwa, hakuna anayejua. Ameanza kunichoma. Nimeandikiwa barua ya kupeleka hospitali ya moyo Dar. Wanafanya upasuaji huo, ila kuna foleni, na yeye hajui foleni ina urefu gani. Ameniambia nisibebe begi mwenyewe uwanja wa ndege. Oscar amelipa tiketi ya tarehe 27. Watoto wamenichorea mlima, wameupaka rangi ya bluu.

Mama nimemwambia mimi. Nilimpigia kwa simu ya jirani yake Felista, nikasema yote, kuanzia magoti mpaka mto. Kisha akauliza kliniki ilikuwa siku gani. Nikasema Jumanne. Akasema, "Jumanne nilikuwa nashuka sokoni na ndizi. Kila Jumanne. Napita mbele ya lile geti." Halafu akakata.

Usiende kwake kabla hajakuita.

Kule Dar watataka mtu wa ukoo wa kutia sahihi kabla ya kunipasua, na kujibu maswali. Najua desturi, na najua wazee watasema ni mjomba. Nimekwisha kuwaambia kwa simu na hawakubisha. Atatia mama. Sitaki aweke dole gumba, nataka aandike jina lake, asome anachotia sahihi hata kama ni kwa kidole neno kwa neno. Nimemwomba Winfrida amfundishe, jioni akifunga duka. Amekubali.

Wewe ukitaka kuja hospitali, njoo. Sikukatazi, ulinishika mkono mara ya kwanza. Lakini utakaa nje. Daktari akikuuliza, muuguzi akikuuliza, hata mtu wa kwenye foleni akikuuliza mgonjwa ana nini, usimjibu. Mwambie amuulize mama yake.

Shadya


Morogoro Mjini, 2 Septemba 2025

Shadya,

Umefika nchini siku ya sita leo, na naandika kwa sababu najua simu yangu huipokei. Felista amesema umelala kwa ndugu zake Dar, na namba yako kwenye foleni ni ya mia moja arobaini na kitu. Hicho kitu hakukikumbuka, na mimi sikukibuni.

Sabra aliniita jana. Hakuniita ndani, alinipa mkoba nimbebee hadi stesheneri huku mjini, akatangulia. Winfrida alimwekea kiti karibu na mashine, akamwandikia herufi kubwa. S ilimsumbua, anaianza chini. Alichoka, akafuta, akaanza tena. Mimi nilikuwa nje kwenye ngazi. Walipofika kwenye A ya mwisho ilikuwa imeingia giza.

Akatoka na karatasi, akanipita. Kufika barabarani akasimama chini ya taa, akaitazama ile karatasi muda mrefu.

Mtu mmoja anayenifahamu alikuwa anapita, akanisalimia, akasema, "Mzee Mansuri, nasikia yule binti yenu wa Ulaya amerudi. Ana nini?"

Nilikuwa na mkoba mkononi. Nikamwonyesha yule mtu alipo Sabra.

Mansuri